Mdahalo wa Kiingereza Uwe wa Darasa Zima

Katika shule nyingi za sekondari nchini Tanzania, mdahalo wa Kiingereza una sura moja inayofahamika. Meza mbili hupangwa mbele ya ukumbi, au chini ya mwembe pale ambapo ukumbi haujajengwa. Wasemaji wanne hukaa upande wa kutetea mada, wanne upande wa kuipinga, na katikati yao hukaa mwenyekiti, katibu na mtunza muda mwenye kengele. Shule nzima huketi mbele yao. Msemaji wa kwanza husimama na karatasi yake, huwasalimia mwenyekiti, katibu, mtunza muda, waamuzi, walimu na wanafunzi wenzake mmoja baada ya mwingine, hutamka mada yote tangu mwanzo mpaka mwisho, kisha husoma hoja tano alizokesha akizikariri. Makofi hupigwa. Baada ya saa moja na nusu mshindi hutangazwa na watu hutawanyika.

Wale wanane hufaidika, na sina nia ya kuwapokonya faida hiyo. Lakini katika shule ya wanafunzi mia nne, waliotumia Kiingereza siku hiyo ni wanane hao, pamoja na wachache waliopewa nafasi ya kuchangia. Mara nyingi ni walewale wa mwezi uliopita, kwa sababu mwalimu huwachagua wanaojua ili shule isiaibike mbele ya wageni. Mwanafunzi mwenye shida kubwa kuliko wote ya Kiingereza anaweza kuingia kidato cha kwanza na kumaliza cha nne akiwa msikilizaji tu.

Ushauri wangu kwa mwalimu aliyekabidhiwa klabu ya midahalo, na kwa kila mwalimu wa Kiingereza, ni huu: uondoe mdahalo jukwaani na uuingize darasani. Uwe wa makundi ya watu wanne, wawili dhidi ya wawili, kila wiki, na kila mwanafunzi aseme. Jukwaa lina nafasi yake, lakini lije baadaye, likiwa sherehe ya kazi iliyokwisha kufanyika darasani.

Hesabu ni rahisi. Chukua darasa la wanafunzi sitini na kipindi cha dakika 40. Wagawe katika makundi 15. Kila mmoja aseme dakika mbili kutetea upande wake, kisha dakika moja kumjibu mwenzake. Kundi litakuwa limemaliza mdahalo wake kwa dakika 12, na kila mtoto atakuwa amezungumza Kiingereza kwa dakika tatu. Ukijumlisha darasa zima unapata dakika 180 za maongezi ndani ya kipindi kimoja, na bado umebakiwa na muda wa maandalizi na wa masahihisho. Wale wanane wa jukwaani, wakisema dakika tano kila mmoja, hutoa dakika 40 tu. Darasa litakuwa na kelele, hilo halina ubishi. Mwambie mapema mwalimu wa chumba cha pili, na umweleze mwalimu wa taaluma unachokifanya ili asije akadhani darasa limeachwa peke yake.

Sababu za kuhangaika hivi zinajulikana na kila aliyefundisha kidato cha kwanza. Mtoto aliyetoka shule ya msingi ya serikali amesoma masomo yake kwa Kiswahili. Akivuka, fizikia, jiografia na hesabu vyote vinamjia kwa Kiingereza. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd, wataalamu kutoka Uingereza, walitoa ripoti kuhusu hali ya Kiingereza katika elimu ya Tanzania, wakaonyesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kufuata masomo katika lugha hiyo. Miaka mingi imepita, lakini mwalimu anayesahihisha madaftari leo ataitambua hali hiyo bila kuisoma ripoti. Miaka miwili kabla yake, mwaka 1982, tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilikuwa imependekeza Kiswahili kitumike kufundishia sekondari, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Nina msimamo wangu kuhusu suala hilo, lakini leo nazungumza na mwalimu ambaye kesho asubuhi ana kipindi na watoto sitini wanaomtazama.

Mazoezi mengi ya Kiingereza humtaka mwanafunzi ajaze nafasi katika sentensi aliyotungiwa na mtu mwingine. Katika mdahalo mambo hubadilika. Mwenzake amesema jambo ambalo yeye halikubali, zamu yake inafika, na maneno hana budi kuyapata sasa hivi. Hamu ya kujibu humsukuma mtoto kuliko mwalimu anavyoweza kumsukuma. Tena hawezi kujibu asichokisikia, kwa hiyo anajifunza kusikiliza Kiingereza akiwa na sababu ya kukisikiliza.

Watoto wetu hawaanzi bila chochote. Wametoka shule ya msingi wakiwa wameimba ngonjera, utungo wa majibizano ambao Mathias Mnyampala aliupa umaarufu mkubwa miaka ya 1960. Wanajua kusimama wawili wawili, mmoja akatoa hoja na mwingine akaipangua. Ila ngonjera huandikwa na mtu mmoja, pande zote mbili, hukaririwa, na mwisho wake wabishi hupatana. Nadhani mazoea hayo ndiyo tunayoyahamishia kwenye mdahalo wa Kiingereza bila kufikiri: mwalimu au kaka wa kidato cha nne anaandika hoja, mtoto anakariri, upande wa pili nao unakariri, na hakuna anayemjibu mwenzake. Msemaji wa tatu wa upinzani anaweza kusoma hoja ambayo imekwisha kuvunjwa dakika kumi zilizopita, asijue. Mdahalo unaojenga lugha unamtaka mtoto asijue mwenzake atasema nini.

Sasa tuingie kazini, na tuanze na mada, kwa sababu hapo ndipo midahalo mingi hufia. Mada tulizozirithi zinafahamika: pesa ni bora kuliko elimu, mama ni bora kuliko baba, maisha ya mjini ni bora kuliko ya kijijini, daktari ni muhimu kuliko mkulima. Zimejadiliwa mpaka hoja zake zimekuwa kama dua. Kila kidato kinazirithi kutoka kwa kilichotangulia. Tena hazina uamuzi ndani yake. Hakuna mtu atakayeamka kesho achague kati ya mama na baba. Mada nzuri ina jambo la kuamuliwa au kupimwa, na mwanafunzi anaweza kwenda kulitazama kwa macho yake.

Mfano ninaoupenda ni katazo la mifuko ya plastiki. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Rwanda ilitangulia mwaka 2008, na Kenya mwaka 2017. Mada inaweza kuandikwa ubaoni kwa Kiingereza cha kawaida kabisa: "The ban on plastic bags has worked." Hakuna mtoto asiyeingia sokoni. Wape siku mbili za kuchunguza: muuza nyanya anafungia nini, muuza samaki anafungia nini, mfuko mbadala unauzwa bei gani, mtaro nyuma ya shule umejaa nini. Watarudi na ushahidi ambao haumo katika kitabu chochote, na ushahidi huo ni wao.

Niliwahi kukaa nyuma ya darasa la kidato cha pili wakati mada hiyo ikijadiliwa. Msichana mmoja wa upande wa kutetea alisema kwamba mifuko ya plastiki imeisha sokoni, watu sasa wanabeba vikapu na mifuko ya kitambaa. Mvulana wa upinzani alinyamaza kidogo, akatazama kikaratasi chake, kisha akasema polepole: "You say plastic bags are finished. But yesterday my mother bought tomatoes and they put in small plastic. So plastic is not finished." Msichana akaruka: "That one is not a bag, it has no handles." Naye akajibiwa: "The cow does not look for handles. The cow eats."

Sarufi ya mvulana yule ilikuwa na kasoro, na mwalimu aliiandika pembeni. Lakini ona alichokifanya. Alisikia hoja ya mwenzake, akaitaja, akaleta ushahidi wa jana, akatoa hitimisho. Halafu msichana akagundua jambo ambalo hata sheria yenyewe inalitambua, kwamba mfuko wa kubebea na kifungashio cha bidhaa ni vitu viwili, na akajibiwa kwamba ng'ombe anayekula takataka hajui tofauti hiyo. Watoto wa miaka kumi na minne au kumi na mitano walifikia kiini cha suala la sera kwa Kiingereza cha maneno mafupi. Hotuba ya kukariri haiwezi kuwafikisha hapo.

Mada za namna hii zipo tele. Wanafunzi waruhusiwe kuja shuleni na simu au wasiruhusiwe. Bodaboda zizuiwe kubeba wanafunzi zaidi ya mmoja. Shamba la shule lilimwe mahindi au mboga. Adhabu ya viboko iondolewe. Hapo wanafunzi watashangaa kukuta kwamba kuna kanuni za mwaka 2002 zinazosema nani anaruhusiwa kuitoa na kwamba viboko visizidi vinne. Na kwa kidato cha tatu na cha nne, mada kubwa kuliko zote: Kiswahili kitumike kufundishia sekondari. Wajadili jambo hilo kwa Kiingereza, kwa sababu linawahusu kuliko linavyomhusu mtu mwingine yeyote, na hawana mahali pengine wanapoulizwa.

Mada ikishapatikana, waache wafikiri kwa Kiswahili. Najua wapo wakuu wa shule watakaolipinga jambo hili. Kuna shule zenye vibao vinavyoamuru Kiingereza tu, na kuna zinazomvisha mtoto aliyekutwa akisema Kiswahili kitu cha kumwaibisha shingoni, akizunguka nacho mpaka amkamate mwingine. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake "Decolonising the Mind" cha mwaka 1986, ameeleza jinsi watoto wa Kenya ya kikoloni walivyoadhibiwa hivyohivyo kwa kusema Kikuyu, na jinsi walivyofundishwa kuwindana wao kwa wao. Inauma kuona tumeupokea utaratibu ule tukauita nidhamu ya lugha. Mtoto aliyezoeshwa kuogopa kukosea hunyamaza, na aliyenyamaza hana cha kusahihishwa.

Sababu yangu nyingine ni ya kikazi tu. Mwanafunzi wa kidato cha pili akilazimishwa kufikiri kwa Kiingereza atafika mahali Kiingereza chake kinapoishia, na hapo ndipo na fikra yake itakapoishia. Atasema plastiki ni mbaya, basi. Akiachwa dakika kumi na wenzake kwa Kiswahili, atakuambia kuhusu muuza nyanya anayelalamika kwamba mfuko mbadala unamla faida, na mteja anayekataa kuulipia. Sasa ana kitu cha kusema. Kazi inayobaki ni kukivusha.

Kukivusha kuna utaratibu wake, na ninauona kuwa moyo wa ushauri wote huu. Kundi liandike hoja yake kwa Kiswahili, sentensi moja isiyozidi mstari. Kisha wapigie mstari maneno ambayo hawana Kiingereza chake. Kwa kawaida huwa matatu au manne; mwalimu anapita akiwapa, au wanayatafuta katika kamusi. Halafu wanaigawa hoja katika sentensi fupi ambazo kila mmoja anaziweza. Ile ya muuza nyanya inakuwa: "The new bag is expensive. The customer does not want to pay. So the seller pays. She loses money." Hakuna sentensi ngumu hata moja, na hoja imekamilika. Hatimaye wanafunga madaftari. Kila mmoja anabaki na kipande cha karatasi, robo ya ukurasa, chenye maneno ya kumkumbusha: bag, expensive, seller pays, loses. Haruhusiwi kuandika sentensi nzima. Akiandika sentensi nzima ataisoma, na akisoma amerudi kwenye ile karatasi ya jukwaani.

Jambo jingine la kufuta ni salamu ndefu. Mtoto hutumia nusu dakika, wakati mwingine dakika nzima, kumtaja mwenyekiti na katibu na waamuzi kwa maneno aliyokariri, kisha muda wa hoja unamwishia. Salamu ina adabu yake na siku ya jukwaa aitoe kwa ufupi. Darasani aanze moja kwa moja: "I think the ban has worked, because..." Sehemu ya maneno ya kukariri iwe ile itakayomsaidia kubishana. Andika ubaoni vishikio vichache na uviache hapo muhula mzima: "You said that..., but..." na "That is true, but..." na "For example, in our market..." na "Can you explain...?" na "I don't understand. Please say it again." Hiki cha mwisho usikisahau. Mwanafunzi anayejua kuomba arudiwe hataogopa mdahalo wala kipindi cha kemia. Vitano vinatosha kwa mwezi wa kwanza. Ukibandika ishirini hakuna atakayevitumia.

Kabla ya mabishano yenyewe, wape mazoezi ya wepesi wa ulimi. Ipo mbinu aliyoieleza Keith Maurice mwaka 1983, ambayo baadaye Paul Nation wa New Zealand aliichunguza na kuieneza: msemaji anaeleza jambo kwa dakika nne, kisha anamweleza mtu mwingine jambo lilelile kwa dakika tatu, kisha mtu wa tatu kwa dakika mbili. Kwa kuwa maudhui hayabadiliki na muda unapungua, maneno yanaanza kutoka yenyewe, na kusitasita kunapungua. Kwa vidato vya chini nashauri dakika mbili, moja na nusu, na moja. Panga mistari miwili inayotazamana nje ya darasa. Mstari mmoja unasema, mwingine unasikiliza. Ukipiga kengele, mstari wa wasikilizaji unasogea hatua moja na kila msemaji anapata msikilizaji mpya. Halafu wanabadilishana zamu. Robo saa inatosha, hakuna kifaa kinachohitajika, na utasikia mwenyewe tofauti kati ya mara ya kwanza na ya tatu.

Sasa mdahalo. Wawili watetee, wawili wapinge, na pande zipangwe kwa kurusha shilingi papo hapo. Usiwaulize wanaamini nini. Mtoto anayejua kwamba anaweza kuangukia upande wowote atajiandaa kwa pande zote mbili, na ataanza kuelewa kwa nini mtu mwenye akili timamu anaweza kuona tofauti naye. Katika nchi yenye vyama, dini na makabila mengi, huo si ujuzi wa kudharau.

Kanuni moja iwe kali kuliko nyingine zote: hakuna anayejibu kabla hajarudia hoja ya mwenzake kwa Kiingereza mpaka mwenzake akubali kwamba ndivyo alivyosema. Mwanzoni inachosha. Wanafunzi wanataka kurukia hoja zao. Lakini kanuni hii ndiyo inayobadilisha hotuba mbili zinazopishana kuwa mdahalo. Pia inampa mwanafunzi dhaifu daraja la kuvukia, kwa sababu sehemu ya kwanza ya jibu lake ni maneno aliyoyasikia sasa hivi kutoka kwa mwenzake.

Kelele za kumkatiza msemaji kwa "point of information" na "point of order" ziache kwanza. Katika mashindano ya kimataifa ya shule za sekondari, yaliyoanza Australia mwaka 1988, msemaji ana dakika nane, na wapinzani wanaruhusiwa kuomba kumkatiza kati ya dakika ya kwanza na ya saba. Yeye ana hiari ya kukubali au kukataa. Ni utaratibu mzuri kwa walioiva. Katika shule zetu mara nyingi umegeuka kuwa njia ya kumyumbisha anayeanza kujikwamua. Subiri muhula wa pili.

Kuhusu makosa ya lugha, usimkatize mtoto akisema. Tembea kati ya makundi na daftari dogo, andika unayoyasikia mara kwa mara. Dakika saba za mwisho, yaandike matatu ubaoni bila kutaja aliyeyasema, na darasa liyasahihishe. Matatu tu, na yawe yale yanayoharibu maana au yanayorudiwa na wengi. "They put in small plastic" inastahili kupelekwa ubaoni, kwa sababu darasa zima litakuwa limeisema. Lafudhi iache. Mtoto wa Kigoma, wa Mtwara na wa Pemba kila mmoja ana Kiingereza chenye sauti ya kwao, na hakuna ubaya kama anaeleweka.

Kicheko ndicho adui mkubwa kuliko sarufi. Darasa likimcheka mtu kwa matamshi yake, hasa msichana aliyechukua wiki tatu kujipa moyo, utamsubiri muda mrefu kabla hajasimama tena. Weka sheria siku ya kwanza kwamba anayecheka makosa ya mwenzake anapoteza alama za kundi lake lote, na uitekeleze mara ya kwanza inapovunjwa. Katika makundi ya mchanganyiko, wavulana nao huwa na tabia ya kuwameza wasichana; zamu zinazoongozwa na saa hutibu sehemu kubwa ya tatizo hilo, na pale lisipotibika anza na makundi ya wasichana watupu kwa wiki kadhaa.

Alama zitolewe kwa nini? Katika yale mashindano ya kimataifa, waamuzi hugawa mia moja hivi: arobaini kwa maudhui, arobaini kwa uwasilishaji na ishirini kwa mkakati, yaani namna hoja zilivyopangwa na maswali muhimu yalivyojibiwa. Tena timu za nchi ambako Kiingereza ni lugha ya kigeni hutambuliwa kwa tuzo yao. Kwa darasa la wanaoanza, mimi ningetoa nusu ya alama zote kwa kujibu hoja za upande wa pili, na nusu iliyobaki nigawe kati ya ushahidi na kueleweka kwa maneno. Sarufi nisingeipa alama peke yake, ina mitihani yake. Waamuzi wawe wanafunzi wa kundi la jirani. Kumsikiliza mtu ili umtolee hukumu ya haki ni zoezi gumu la usikivu, na mwamuzi atalazimika kutetea hukumu yake kwa Kiingereza pia.

Mdahalo bila kusoma hukauka. Wiki ya nne utasikia hoja zilezile kwa maneno yaleyale. Walete kitu cha kusoma hata kama maktaba ni kabati moja: ukurasa wa Daily News au The Citizen uliokwisha kufungiwa maandazi unafaa, sura ya kitabu cha jiografia inafaa zaidi kwa sababu itarudi kwenye mtihani. Mada za mdahalo zikitokana na masomo mengine, walimu wa masomo hayo nao wataacha kuiona klabu yako kama inayowaibia muda.

Na wewe mwalimu unayehofia Kiingereza chako mwenyewe, hofu hiyo wengi wanayo na haizungumzwi katika ofisi za walimu. Mfanye mwenzako mmoja awe mshirika, mjadili mada ya wiki dakika tano kabla ya kuingia darasani, kwa vishikio vilevile mlivyowapa watoto. Mwanafunzi akikuuliza neno usilolijua, mfungue naye kamusi.

Mzazi asiyejua Kiingereza ana kazi kubwa ya kufanya pia. Mwulize mwanao mada ya wiki ni ipi, mpinge kwa Kiswahili, mdai ushahidi. Mwambie: nani kakuambia, umeona wapi, na yule muuza nyanya anasemaje? Hoja iliyopigwa msasa mezani nyumbani itavuka vizuri darasani.

Kwako mwanafunzi, hasa wa shule isiyo na klabu: tafuta wenzako watatu na sehemu yenye kivuli. Chagueni jambo mnalobishania kila siku, iwe penalti ya mechi ya Simba na Yanga au bei ya nauli. Bishaneni kwanza kwa Kiswahili dakika tano, kisha rudieni kwa Kiingereza na msiruhusiane kukimbia. Mmoja ashike saa. Maneno yaliyokosekana yaandikwe na yatafutwe kabla ya kesho.

Nawaomba wakuu wa shule jambo moja ambalo haligharimu hata shilingi. Wekeni kipindi kimoja kwa wiki katika ratiba, kwa kila mkondo, kiandikwe mdahalo, na kisiliwe na mitihani ya majaribio wala usafi wa mazingira. Mwalimu naye aanze wiki ijayo kwa mada moja, makundi ya watu wanne na saa ya mkononi. Siku ya mahafali itakapofika na wageni wakataka kusikia Kiingereza cha wanafunzi wenu, mtaweza kumwita yeyote.